Mikono Yenye Udongo

Mimi ni mwalimu hapa Kabondo-Dianda. Nalilelewa na nkambo, mama yake baba, aliyekuwa mfinyanzi. Ada yangu ya seminari ndogo ilitoka katika vyungu vyake. Lakini nilipokuja likizo nimevaa viatu, nalipita mbali na banda lake nisije nikachafuka. Aibu hiyo ni yangu.

Miaka mingi baadaye, mdogo wangu alipomaliza shule, aliniambia, “Yaya, nataka kwenda Kinshasa, kwenye Akademia ya Sanaa, nijifunze ufinyanzi na uchongaji.” Akademia hiyo ilianzishwa mwaka 1943 huko Gombe-Matadi na Bruda Marc-Stanislas, ikahamia mji mkuu mwaka 1949. Nami nalikuwa nimeweka akiba ili asome sheria. Nikamjibu kwa ukali, “Udongo ni kazi ya vikongwe. Sitatoa hata faranga moja.” Hakubisha. Aliinamisha kichwa, akatoka.

Juma lile nalisoma kitabu cha habari za Sanga, kando ya ziwa Kisale, si mbali sana na kwetu. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba huko makaburi ya watu walioishi yapata miaka elfu iliyopita. Walikuta vyungu vizuri mno vilivyozikwa pamoja na wafu. Na katika makaburi ya watoto, vyungu vidogo vya kadiri yao. Nikakiweka kitabu chini. Mkono uliofinyanga chungu kidogo kama kile, bila shaka ulikuwa mkono wa mtu aliyelia. Je, hiyo ndiyo kazi niliyoidharau?

Nkambo alikuwa amekwisha kufariki, wala sikupata kumwomba radhi. Basi nikamwita mdogo wangu, nikampa ile akiba.

Mwaka wa kwanza aliniandikia kwamba kichwa cha mtu alichokifinyanga kilipasuka tanuruni, kwa sababu hakukichimba ndani: unyevu uliosalia uligeuka mvuke, ukakosa njia ya kutokea. Akaanza upya, akachanganya udongo na vigae vilivyosagwa, kama nkambo alivyofanya. Kichwa cha pili kilisimama. Alikileta nyumbani, ni uso wa nkambo.

Wazazi, mtoto wenu akiomba kujifunza kazi ya mikono, msimjibu upesi kama mimi. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Kwa mdogo wangu naliwahi. Kwa nkambo nalichelewa.