Kilima cha Ngomo na vitesi ya pili

Wamama, ninyi munaotoka Uvira kwenda Bukavu na mifuko ya mchele, munajua: katika bonde la Ruzizi barabara ni tambarare, gari inakimbia kwa vitesi ya nne. Ukipita Kamanyola, njia inaanza kupanda Ngomo, kona juu ya kona, korongo pembeni. Hapo moteri inabadilisha sauti.

Shofere anarudisha vitesi ya tatu, kisha ya pili. Katika vitesi ndogo moteri inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu: mwendo unapungua, nguvu inaongezeka. Akikawia, moteri inatetemeka na kuzimika katikati ya kilima, mizigo ikivuta nyuma.

Safari ya kurudi ndiyo inayoniogopesha zaidi. Shofere mwenye akili anarudisha vitesi kabla mteremko haujaanza, ili moteri yenyewe ishike gari. Akikanyaga freni tu toka juu hadi chini, zinapata moto, tunasikia harufu ya kuungua, na mwishoni hazishiki tena. Wengine wanaiachia gari ishuke bila vitesi yoyote, eti wachunge mafuta. Mafuta ya shofere, watoto wetu!

Watu watasema mambo ya gari si ya wanawake. Lakini tiketi tumelipa. Muulizeni kwa heshima pale juu, si katikati ya kona: «Papa shofere, tunashuka na vitesi ya ngapi?» Mmoja atanuna. Wengi wanajibu tu: «Ya pili, mama.»