Hodi ya Saa

Neno likikosewa, maana hupotea njia; na maana ikipotea njia, mwanafunzi hubaki na sauti tupu kinywani. Nimelifikiri jambo hili tangu mwalimu mwenzangu wa kompyuta, hapa Mtwara, aliponitaka nimsaidie kuandika kwa Kiswahili somo fupi juu ya namna kompyuta kuu inavyoiacha kazi iliyo nayo ili kuisikiliza saa yake, kisha ikairudia kazi ileile. Wapo waliomwambia kuwa anajisumbua bure, maana mambo ya asembla, yaani lugha ya amri fupi iliyo karibu kabisa na mashine yenyewe, hayasemeki katika Kiswahili. Mimi sikuamini hivyo. Lakini kutoamini si hoja. Hoja ni kulisema jambo lenyewe likaeleweka.

Mashine tuliyoichukua kuwa mfano ni ya jamii ya System/360 ya kampuni ya IBM. Ilitangazwa tarehe 7 Aprili 1964, siku 19 kabla ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na katika mwaka uleule ulioanzishwa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, 1965, kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu, ya kampuni nyingine, ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Kwa hiyo uchunguzi wa lugha yetu na mashine hizi ni hirimu moja. Bahati mbaya mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ingawa marufuku hiyo iliondolewa baadaye, mazungumzo kati ya lugha na mashine yalikuwa yamekatika kabla msamiati haujakomaa.

Tuitazame sasa saa yenyewe. Katika kumbukumbu ya mashine ile, penye anwani 80, imewekwa hesabu ya biti 32 ambayo hupunguzwa daima, programu ipende isipende. Saa hiyo iliongozwa na mapigo ya umeme wa mji. Penye umeme wa mapigo 50 kwa sekunde, kama huu wetu, kila pigo lilipunguza vipande 6. Penye mapigo 60, kama Marekani, kila pigo lilipunguza vipande 5. Zidisha, msomaji, nawe utaona kuwa pande zote mbili hupata vipande 300 kwa sekunde. Mzunguko mzima wa hesabu hiyo ulikuwa wa takriban saa 15 na nusu.

Hesabu inaposhuka chini ya sifuri, saa huita. Mashine haiachi amri nusu. Huimaliza kwanza ile iliyo mkononi. Kisha hufanya mambo mawili. Huchukua neno la biti 64 lenye hali ya programu, pamoja na anwani ya amri iliyokuwa ifuate, na kuliweka amana katika anwani 24. Halafu hulichukua neno jingine lililokwisha kuandikwa mapema katika anwani 88, nalo ndilo linaloielekeza mahali pa kumpokea mgeni. Programu iliyoachwa haijui kuwa imeachwa.

Hapo ndipo kazi ya mwandishi wa programu inapoanza. Mashine imeweka amana ya mahali, lakini haikuweka amana ya vitu. Programu ilikuwa na rejista 16, mfano wa viganja, na kila kiganja kimeshika namba yake. Mpokea mgeni huhitaji viganja vilevile. Akivitumia bila kuhifadhi vilichoshika, programu itarudi mahali pake sahihi na kukuta namba za mtu mwingine. Wala haitalalamika, itaendelea kuhesabu, na jawabu lake litakuwa la uongo. Hivyo amri ya kwanza ya mpokea mgeni ni kuzihifadhi rejista. Lakini kuna fumbo: ili kufika mahali katika kumbukumbu, amri kwa desturi huegemea rejista iliyobeba anwani ya msingi, na rejista zote zimebeba mali ya mwenyewe. Mwenye mikono iliyojaa atafunguaje sanduku? Waliobuni mashine waliacha nafasi: pakiandikwa 0 penye rejista ya msingi, hakuna rejista itumikayo, na amri huweza kufika popote katika baiti 4,096 za mwanzo wa kumbukumbu. Humo ndimo namba huhifadhiwa. Kazi ya mgeni ikiisha, rejista hurejeshewa namba zake, neno lililo katika anwani 24 hupakiwa upya, na programu huendelea kana kwamba hapakuja mtu.

Liko jambo moja zaidi. Neno la hali lina biti ifanyayo kazi ya komeo. Ikiwa 1, mlango uko wazi. Ikiwa 0, mlango umefungwa, na saa iliyoita hubaki nje ikingoja. Mpokea mgeni huanza kazi komeo likiwa limefungwa. Akilifungua kabla ya kuihamisha amana, mgeni wa pili ataweka amana yake juu ya ile ya kwanza katika anwani ileile 24, na njia ya kurudi ya programu ya kwanza itafutika. Akilifunga mno, saa itangoja, lakini wakati hautangoja pamoja nayo. Taratibu hii, ingawa imepanuliwa na anwani zake zimebadilika, imo hata leo katika kompyuta kuu za uzao huo.

Basi, jambo hili liitwe nini? Neno linalotumiwa ni katizo. Halina kosa la sarufi, na sikutaka kulifuta. Wasiwasi wangu ulikuwa juu ya kile kinachomjia mwanafunzi akilini. Kukatiza kwetu ni utovu wa adabu: mtu anasema, mwingine anamrukia. Mwanafunzi aliyeanza na picha hiyo alifikiri kuwa saa huiharibu kazi, na kwamba ufundi wote ni kuizuia. Tulipomwuliza programu itarudije mahali pake, alinyamaza. Maneno yaliyokatizwa hayana desturi ya kurudi.

Jawabu nililipata Msimbati, katika kijiji nilikokulia, kando ya Ghuba ya Mnazi, ambako tangu mwaka 2000 iko hifadhi ya bahari inayofika hadi maingilio ya Mto Ruvuma. Huko, siku za bamvua, maji hukupwa mbali karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na wanawake hushuka mwambani na vijiti vyao kuchokoa pweza na kuokota kome. Wana saa chache tu. Maji hayaji kwa shari, ila hayana muhali: kati ya kujaa na kujaa hupita takriban saa 12 na dakika 25, na mwezi haumngojei mtu. Mama yangu mkubwa ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Nilimwuliza kama maji humkatiza kazini. Akanijibu, “Maji hayakatizi, mwanangu. Maji yana zamu yake. Anayekatizwa ni yule aliyesahau kuwa yatakuja.” Nikamwuliza hufanya nini yanapokuja na pweza bado yumo shimoni. Akasema huliwekea shimo alama ya jiwe, hukihesabu alichopata, hupanda. Na kesho yake huanzia penye jiwe.

Alinieleza hayo kwa utulivu, lakini sote wawili tulikuwa tukimkumbuka jirani yetu. Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, jirani huyo alibaki mwambani baada ya wenzake kuondoka, kwa kuwa pweza aliyemwona alikuwa mkubwa. Walimwita mara ya kwanza na ya pili. Mkondo wa nyuma yake ulijaa kabla ya mwamba aliosimama, kama ijulikanavyo na kila mtu wa huko. Tulimzika siku ya pili. Hakuwa mjinga, wala hakuwa na tamaa kupita wengine; alikuwa na watoto watano, na kazi aliyokuwa ameiinamia ilikuwa ya halali. Alilifunga komeo kwa ajili ya kazi njema, na bahari haina mlango unaopokea komeo.

Hapa mfano wangu unafika mwisho wake, na ni haki niuseme mpaka wake. Mashine huweza kukataa kwa muda, mvuvi hawezi. Mashine hurudi ikakuta kila kitu kama kilivyokuwa. Mama mkubwa hurudi akakuta jiwe, na pengine pweza amehama. Lakini yaliyo muhimu yanalingana: wito una wakati wake, anayeitwa ana wajibu wa kuweka amana kabla ya kuitika, na ufundi hauko katika kuuzuia wito bali katika kujua njia ya kurudi.

Katika Kiswahili wito wa namna hiyo una jina la zamani. Ni hodi. Mgeni hapigi hodi ili kuvunja kazi ya mwenyeji. Husimama nje, hungoja, na mwenyeji huweka chini alichoshika ndipo amkaribishe. Tulimwachia katizo mtunga kamusi, na somo tukalianza kwa hodi. Wanafunzi waliosikia neno hilo waliuliza wenyewe, kabla hatujafika huko: mwenyeji ataviweka wapi vitu vilivyo mkononi? Swali hilo ndilo asembla yenyewe. Aliyeliuliza kwa lugha ya mama yake atalitafutia jawabu katika mashine yoyote, na hatakuwa na haja ya kuambiwa kuwa lugha yake haitoshi.