Bariadi: Baiskeli Isiyokwenda Popote

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, ndugu msomaji, ziwa likiwa mkono wako wa kushoto, utafika Lamadi. Hapo liache ziwa, kata kulia, na baada ya kilometa zipatazo 70 utauona mji wa Bariadi. Zamani ulikuwa mji wa wilaya katika Mkoa wa Shinyanga. Tangu 2012 ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Hii ni nchi ya pamba na ya baiskeli, na baiskeli hapa hubeba kila kitu, hata mgonjwa.

Mimi sikwenda kutazama pamba. Nilikwenda kumjulia hali mjomba wangu, mkulima, aliyeamka alfajiri moja mdomo umepinda, ulimi mzito, upande wote wa kulia haumtii tena. Wapo majirani waliosema amerogwa. Daktari alisema ni kiharusi: damu imekatika njia ubongoni, na chanzo ni shinikizo la damu ambalo hakuwahi kulipima. Nawe uliye mjini usijione umesalimika. Uchunguzi uliofanywa Hai na Dar es Salaam, ukatangazwa 2010, ulionyesha kuwa kiharusi kiliwapata watu wa Dar es Salaam karibu mara 3 kuliko wa Hai.

Nilimkuta kitandani. Wiki kadhaa zilikwisha kupita, na mkaza mjomba, kwa mapenzi, alikuwa amemkataza hata kuketi. Mapenzi hayo yalikuwa yakimmaliza.

Aliyemwinua ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole asiye na haraka. Alitueleza kuwa mguu unaoburuzwa hula nguvu nyingi kuliko mguu mzima, na moyo uliozoea kulala hauna nguvu hizo za kutoa. Kwa hiyo kunyoosha vidole na kujifunza kusimama havitoshi. Moyo na mapafu navyo vipewe kazi. Alimpima shinikizo la damu, akapima umbali anaoweza kutembea kwa dakika 6, kisha akaandika kama daktari aandikavyo vidonge: siku 3 hadi 5 kwa juma, kuanzia dakika chache mpaka kufikia 20 na zaidi. Kipimo cha bidii ni chepesi: aweze kuzungumza, asiweze kuimba. Kifua kikiuma au kichwa kikizunguka, aache mara moja.

Nikauliza kama tungalianza siku ile ile ya kwanza. Akakataa. Majaribio makubwa yaliyotangazwa 2015 yalionyesha kuwa kumwinua mgonjwa mapema mno, tena kwa wingi, ndani ya saa 24 za mwanzo, kwaweza kumrudisha nyuma.

Hospitali kubwa zina baiskeli za mazoezi zisizokwenda popote. Mjomba anayo yake, iliyokwenda kila mahali kwa miaka mingi. Kijana yule aliisimamisha uani juu ya stendi yake, gurudumu la nyuma likaning’inia. Mguu wa kulia ukafungwa kwenye pedeli kwa kipande cha kanga, binti akashika usukani, nami nikamshika kiuno.

Akakanyaga. Gurudumu likazunguka hewani, kuku wakakimbia. Dakika ya tano jasho lilimtoka.

“Mjomba, waweza kuimba?”

Akatikisa kichwa.

“Kusema je?”

Akavuta pumzi. “Pamba yetu,” alisema polepole, “imepimwa kilo ngapi?”