Kioo cha zamani nyumbani: tuliyojifunza kabla na baada ya kukitundika



Ndugu wapenzi, leo tunawaletea habari ya nyumbani kwetu. Ni habari ya vioo. Mtasema, vioo navyo vina habari gani? Tuvumilieni kidogo, mwisho wake mtatuelewa.

Sisi ni dada wawili, tumezaliwa na kukulia Buyenzi, hapa Bujumbura. Mama yetu ni mzaliwa wa Ujiji, akaletwa huku na ndoa. Tulipomaliza kukarabati nyumba aliyotuachia baba, Allah amrehemu, tulitaka sebule ipendeze bila gharama kubwa. Sebule yenyewe ni ndogo na ina dirisha moja tu. Mmoja wetu akatoa wazo: tutafute kioo kikubwa cha zamani chenye fremu ya mbao, kama kile cha shangazi tulichokuwa tukijitazama siku za Idd.

Hasara ya kwanza

Tulikwenda kwa muuzaji mmoja, akatuonyesha kioo kizuri, fremu nyeusi iliyochongwa. Akatuapia kuwa kilitoka katika nyumba ya Mbelgiji, kabla ya uhuru wa 1962, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Usumbura. Tukatoa franga 180,000. Tulipofika nyumbani, seremala jirani yetu akakigeuza nyuma, akacheka. Mbao za nyuma zilikuwa plaiwudi mpya, misumari inang'aa, na ule weusi wa fremu ulikuwa rangi iliyopakwa juzi. Ukipitisha kitambaa chenye maji, unatoka.

Hatukurudishiwa fedha zetu. Lakini yule seremala, Allah amlipe kheri, alikaa nasi akatufundisha. Nasi tunawapa aliyotupa, pamoja na mengine tuliyoyasoma baadaye.

Namna ya kukitambua

Kwanza, geuza kioo nyuma kabla hujasema bei. Cha zamani mbao zake za nyuma zimekauka na kubadilika rangi, na kutu ya misumari imeingia ndani ya mbao.

Pili, simama mbele yake, sogeza kichwa taratibu kushoto na kulia. Katika kioo cha zamani sura mara nyingi hucheza kidogo, kama maji ya ziwa asubuhi. Sababu yake ni kwamba utaratibu wa kutengeneza kioo bapa kwa kukielea juu ya bati lililoyeyushwa ulitangazwa Uingereza mwaka 1959. Tangu hapo vioo vya viwandani vikawa vimenyooka sawasawa. Lakini kutokucheza hakuthibitishi kuwa ni kipya, kwa sababu hata zamani vioo vya gharama vilisuguliwa mpaka vikanyooka.

Tatu, usiogope madoa meusi pembeni. Hayo ni unyevu ulioingia nyuma na kula ule utando wa fedha. Kama ni machache, ndiyo uzuri wake. Kama yamefika katikati, kioo kitakuwa pambo tu, si cha kujitazamia.

Nne, na hili ni la afya. Vioo vya kale sana havikupakwa fedha, bali bati na zebaki. Mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alionyesha njia ya kupaka fedha mwaka 1835, lakini vya zebaki viliendelea kutengenezwa mpaka karibu na mwaka 1900. Zebaki ni sumu. Mkikuta kioo cha kale ambacho nyuma yake pana utando wa kijivu unaomenyeka, au vitone vinavyong'aa, msikikwangue na msiwaachie watoto.

Mahali pa kukitundika

Kioo cha pili tulikipata kwa familia iliyokuwa inahama. Kilikuwa mlango wa kabati la nguo la zamani, kabati lenyewe limeliwa na mchwa. Tulilipa franga 60,000, na seremala akatutengenezea fremu kutokana na mbao zilizosalia.

Kabla ya kukitundika tulizunguka nacho nyumba nzima, mmoja ameshika, mwingine anatazama. Ukutani mkabala na dirisha, mwanga uliongezeka mara moja. Lakini mgeni akikaa kiti cha mlangoni, kupitia kioo anaona ukumbi wote wa ndani mpaka jikoni. Pazia lipo, lakini kioo kinalizunguka! Enyi wenye nyumba, kumbukeni hili: unayemwona kwenye kioo, naye anakuona. Kaeni kila kiti anachokaa mgeni mtazame kioo kinafichua nini. Sitara ya nyumba ni bora kuliko mwanga.

Ukuta wa kibla nao tuliuacha, maana huko kwetu ni kaskazini kukielekea mashariki kidogo, na ndiko dirisha liliko. Kusali huku unajitazama kunaondoa khushui. Na fremu za Kizungu mara nyingine huchongwa sura za watoto na wanyama, hivyo tulishukuru kuwa yetu ina majani tu.

Mwisho tulikitundika kwenye ukuta wa ukumbi wa ndani, pembeni mwa mlango wa sebule, kikarudisha mwanga bila kufichua mtu. Tulitumia skurubu ndefu mbili zilizoingia kwenye tofali, si msumari mmoja. Sisi wa bonde hili tunajua ardhi hutikisika. Waliokuwa Bukavu na Cyangugu tarehe 3 Februari 2008 hawahitaji kuelezwa.

Mgeni wa ukumbini

Sasa tufike kwenye lile lililotufanya tuandike.

Mama yetu ameanza kusahau. Mwanzo yalikuwa majina, kisha siku. Wiki moja baada ya kutundika kioo tulimsikia ukumbini akisema kwa adabu, "Shikamoo, bibi." Tukadhani kuna mgeni. Tukamkuta amesimama mbele ya kioo, ameinamisha kichwa kama binti. Akatugeukia akasema, "Huyu bibi wa watu amesimama tangu asubuhi, hamjamkaribisha hata chai?"

Tulicheka. Tunakiri mbele yenu kwamba tulicheka, na tukawasimulia majirani. Siku ya tatu tulimkuta amekaa chini mbele ya kioo, kikombe chake cha chai amekisukuma mpaka ukutani, kimepoa. Yeye hakunywa. Alikuwa amempa mgeni. Hapo kicheko kiliisha.

Kisha ukaja usiku. Aliamka kwenda msalani, akamwona yule bibi gizani, akapiga kelele kuwa kuna mtu ndani ya nyumba. Alitetemeka mpaka alfajiri. Ndugu mmoja akasema kioo kina jini, kivunjwe. Mwingine akasema kiuzwe. Tulimpeleka Mama kwa daktari, naye akatueleza kwamba hili linajulikana: mwenye maradhi ya kusahau huweza kufika hatua asiitambue sura yake mwenyewe. Akilini mwake Mama ni msichana wa Ujiji, na msichana yule hamjui huyu bibi mwenye mikunjo. Hakuna jini. Dawa ya kioo ni kukifunika au kukiondoa, na msibishane naye.

Tulikifunika kwa kanga siku ile ile, kisha tukakihamishia chumbani kwetu. Matundu mawili ya skurubu bado yapo ukutani. Usiku tunaacha taa ndogo ukumbini, na Mama halii tena.

Lakini saa kumi jioni, mara nyingine huuliza, "Yule bibi amekwenda wapi?" Tunamjibu kuwa amekwenda kwao salama. Kisha mmoja wetu huketi naye chini pale pale, tukanywa naye chai. Zamani tulikuwa tunamwekea kikombe na kurudi kwenye shughuli zetu. Tumetambua kwamba kabla ya kumpa yule mgeni chai yake, Mama alikuwa akiinywa peke yake.

Tumefundishwa kuwa muumini ni kioo cha muumini mwenzake. Tulilisikia tangu madrasa, lakini kilichotuonyesha aibu yetu ni kile cha franga 60,000.

Basi ndugu zetu, mkichagua kioo, tazameni mbao, misumari na madoa. Tazameni mgeni anaona nini. Na kabla ya yote, tazameni ni nani anayeishi humo ndani na atakutana na nini akipita usiku. Kama mna mzee anayeanza kusahau, msimcheke kama sisi tulivyocheka. Muombeeni Mama yetu.