Diski Mbili, Ajali Moja

Zama za mwanzo wa karne hii, nilipokuwa nikijifunza ufundi wa kompyuta mjini Arusha, afya ya diski ilijulikana kwa masikio kabla haijajulikana kwa macho. Diski za wakati ule zilikuwa na sahani zilizozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kikielea kichwa chembamba cha kusoma na kuandika. Na aghalabu, siku chache kabla ya kufa, diski ilianza kugota, kwanza mgoto mmoja baada ya kitambo kirefu, kisha mfululizo, hata aliyekaa chumba cha pili akajua kwamba ajali yake imekaribia. Huku kwetu Terrat, upande wa kusini wa jiji, ambako wakati wa kiangazi vumbi halina nyumba lisiyoijua na feni za kompyuta hulemewa upesi, mgoto huo haukuwa mgeni kwa yeyote aliyepata kutunza seva.

Dawa yake ilikuwa imekwisha kuandikwa mwaka 1988, pale Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoeleza kwamba diski nyingi za bei nafuu, zikiungwa pamoja na kuandikiwa ziada ya maandishi, zaweza kushika mahali pa diski moja ya thamani kubwa, na moja ikifa zilizosalia zikaendelea na kazi. Huo ndio mpango uitwao RAID. Wenye fedha waliununua ukiwa kadi ya kuchomeka ndani ya seva. Sisi tusio nazo tulipewa bure na Linux, ambayo hutenda jambo lile lile kwa programu tu. Mwanzoni mpangilio wote ulikuwa ukiandikwa kwa mkono katika faili la /etc/raidtab, na herufi moja iliyokosewa ilitosha kumkesheza mtu. Kisha, kuanzia mwaka 2001, Neil Brown wa Australia akaleta mdadm, chombo ambacho hadi leo ndicho kifunguo cha kazi hii.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Tanga, mtu wa maneno machache na subira nyingi. Nilipomwamkia asubuhi, akisha kuitika marahaba, alinionyesha kosa moja la siku. “Mwanangu,” aliniambia mara moja, “diski hizi mbili usizifunge katika waya mmoja. Mmoja akifa atamzuia mwenziwe asiseme.” Na kweli, katika nyaya za IDE za siku zile, diski iliyoharibika iliweza kuikwamisha ile iliyoshirikiana nayo njia, na ziada yote ikawa si kitu. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi baadaye, ingawa nyaya zenyewe zimekwisha kutoweka, kwa kuwa ndani yake mna msingi wa elimu nzima ya RAID: kwamba diski mbili zina faida madhali vifo vyake havifungamani. Diski za kuzunguka zilitutimizia sharti hilo bila ya sisi kuliomba, maana kila moja ilikuwa na ila yake, hii ya mota na ile ya kichwa, na mbili zilizotoka sanduku moja ziliweza kupishana miaka.

Ndipo zikaja SSD, ambazo ndani yake hamna kizungukacho, wala hazisemi neno. Intel ilitoa ya kwanza iliyovuma sana mwaka 2008, lakini kwetu zilichelewa, si kwa uhaba wa maarifa bali kwa bei. Na zilipoanza kupatikana, tuliagiza Kariakoo, au zikatujia kutoka Nairobi kwa njia ya Namanga, moja moja, kadiri mfuko ulivyoruhusu. Kwa kuwa fedha ilitosha SSD moja tu, tuliioanisha na diski ya kuzunguka, tukaiambia mdadm kwa neno la --write-mostly kwamba ile ya kizamani iandikiwe yote lakini isisomwe ila kwa dharura. Hapo mteja alipata kasi ya kusoma ya SSD, na nakala yake imelala katika chuma cha zamani. Tuliudhani mpango huo kuwa wa kimaskini, wa kupisha wakati. Leo nauhesabu kuwa miongoni mwa mipango bora niliyopata kufunga, kwa sababu nitakayoieleza.

Bei ziliposhuka, kila mtu alitaka SSD mbili, tena za aina moja, uwezo mmoja na za duka moja. Amri yenyewe haikubadilika: mdadm --create, kisha --level=1, kisha majina ya sehemu mbili. Yaliyobadilika ni yale yaliyo chini yake. Mara tu amri ipitapo, mfumo huanza kunakili diski ya kwanza yote juu ya ya pili, hata pasipokuwa na kitu cha kunakili. Kwa chuma hilo halikuwa na dhara, lakini kwa SSD maana yake ni kwamba chembe zote za ile ya pili zimeandikwa, nayo yajiona imejaa ilhali ni tupu. SSD haiwezi kuandika juu ya maandishi ya kale. Sharti kwanza ifute bonge zima, na kwa hiyo yahitaji kuambiwa ni nafasi zipi zimeachwa. Habari hizo, ziitwazo TRIM, hazikuweza kupenya tabaka la RAID hata kilipotoka kiini cha Linux namba 3.7, Desemba 2012. Tangu hapo, kunakili kukiisha, twaendesha fstrim, na diski hurudi kupumua.

Lakini lililo kubwa zaidi ni uchakavu. SSD huzeeka kwa kuandikwa, na katika RAID ya vioo kila neno huandikwa kote kuwili. Basi diski mbili za aina moja, zilizowashwa saa moja na kubebeshwa mzigo mmoja, ni mapacha wanaokula sahani moja, na hesabu ya umri wao yaenda sawia. Wasiosadiki wakumbuke ya mwaka 2012, pale SSD za Crucial m4 zilipogunduliwa kuwa zagoma zikitimiza saa 5,184 za kazi, au ya Novemba 2019, pale kampuni ya HPE ilipowatahadharisha wateja kwamba baadhi ya SSD zake, kwa kosa la programu iliyo ndani yake, zitakufa zikifikisha saa 32,768, yaani miaka mitatu, siku 270 na saa nane. Namba hiyo si ya sadfa: ni mbili iliyozidishwa kwa nafsi yake mara 15, mahali ambapo kihesabio chembamba hufurika. Zilizoanza kazi pamoja zingekufa pamoja, na RAID isingekuwa na wa kumwokoa mwenziwe.

Ndiyo sababu nausifu ule mpango wa SSD na chuma, na kwa hiyo sasa nanunua diski mbili za viwanda viwili, na afadhali moja iwe imekwisha kutumika miezi kadhaa. Wateja hunung'unika, kwa kuwa huona mchanganyiko huo kama dalili ya fundi aliyeokoteza. Nasoma umri kwa smartctl, kwa kuwa masikio hayana kazi tena, na kwa seva ya akaunti za watu sitii SSD isiyokuwa na kapasita za kuihami pindi umeme ukatikapo katikati ya kuandika. Na haja ya nakala ya akiba, iliyo mbali na jengo, haijawahi kuondolewa na lolote kati ya hayo. Anayefuta faili katika RAID amelifuta mara mbili.

Mpwa wangu, aliyesoma mambo haya kwa utaratibu kuliko mimi, hakubali hata hapo. “Mjomba,” huniambia, “mdadm yako ikikuta nakala mbili hazifanani, yajuaje iliyo kweli?” Haijui; ukaguzi wa Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa sita na dakika 57 usiku, kama Debian ilivyoupanga, huhesabu tofauti tu. Yeye hutumia Btrfs, ambayo huweka alama ya kuthibitisha kila kipande na kujua kilichopotoka. Nimemruhusu aifunge katika mashine moja, kwa sharti kwamba diski zake zisitoke kiwanda kimoja, na hilo amelikubali pasipo ubishi.