Tulipojifunza Kusubiri Neno

Katekista wetu alipopata kiharusi, mguu ulipona mapema kuliko ulimi. Alirudi kwenye jumuiya yetu hapa Kagondo akitembea kwa fimbo, lakini maneno yake yalitoka yameshikana, kama ya mtu mwenye uji wa moto mdomoni. Sisi, ambao wengi wetu yeye ndiye aliyetufundisha sala, tukaanza kumsemea. Akianza neno, tunalimalizia. Mgeni akimsalimu, tunaitikia sisi. Zamu yake ya kuongoza rozari tukampa mwingine, tukisema tunampumzisha. Siku hiyo mzee alilia.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetufumbua macho. Akili ya mzee ilikuwa timamu. Kwenye ubongo hutoka jozi 12 za mishipa ya fahamu, na kadhaa kati yake hupeleka amri kwenye midomo, taya, koo na ulimi. Kiharusi kilikuwa kimeharibu njia ya amri hizo, misuli ikalegea. Alijua alichotaka kusema. Mdomo ndio uliochelewa.

Akapewa mazoezi ya kila siku: kukaa wima, kuvuta pumzi kabla ya kusema, kusema maneno machache kwa pumzi moja, kugonga kidole mezani kwa kila silabi. Nasi tukapewa yetu: kuzima redio, kumtazama usoni, kuuliza tena badala ya kujifanya tumeelewa, na kunyamaza mpaka amalize. Hilo la mwisho lilitushinda mara nyingi.

Tukamrudishia rozari. Nusu yake ya Salamu Maria aliigawa katika pumzi nne. Mvua ilipiga bati, watoto wakasinzia, wengine tukawaza ndizi tulizoacha jikoni. Lakini hakuna aliyemsemea.

Zamani tukisoma Marko sura ya 7 tulikimbilia ule muujiza wa ulimi kufunguliwa. Sasa tunaona kilichotangulia: Bwana alimtoa kwanza yule mtu kwenye umati, akampeleka kando.

Ulimi wa katekista wetu bado ni mzito, hasa jioni akichoka. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko mgonjwa wa namna hii, usimsemee. Sisi bado tunajifunza. Nusu yake ya sala huishia kwa neno “amebarikiwa”, na hatuitikii mpaka tulisikie.