Mkoa Mmoja kati ya Kumi na Mitano

Jumamosi, 30 Mei 2015. Kamachumu, Muleba
Edward Lowassa ametangaza nia ya kugombea urais kupitia chama chetu, CCM, leo Arusha, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mdogo wangu ameacha kuanika kahawa akaja kukaa karibu na redio mpaka mwisho. Februari ya mwaka jana chama kilimfungia yeye na wenzake watano, Membe, Sumaye, Wasira, Ngeleja na January Makamba, kwa kuanza kampeni kabla ya wakati. Sasa kila mmoja yuko huru kusema anachokitaka, na mwezi ujao tutawasikia wengi.

Jumatano, 3 Juni
Fomu zimeanza kutolewa Dodoma, shilingi milioni moja kwa kila anayechukua. Sharti lililonikalisha na kalamu ni la wadhamini: wanachama 450, kutoka mikoa isiyopungua 15, mitatu kati yake iwe ya Zanzibar. Mwisho wa kurudisha ni tarehe 2 Julai.

Nimeitandika mezani ramani niliyokuwa nikifundishia. Bara ina mikoa 25, Zanzibar 5. Mtia nia akishapata mitatu ya Zanzibar, anabakiwa na 12 ya kuchagua huku Bara, na siku zenyewe hazitimii hata mwezi. Mwenye gari moja na fedha za kuhesabu atafuata barabara: Dar es Salaam, Pwani, Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga. Huyo, akiongeza mitano mingine, anaweza kutimiza idadi yake bila kuliona Ziwa Victoria. Kuja kwetu Kagera kwa kupitia Mwanza ni kuvuka kwa kivuko Kigongo hadi Busisi, kisha Geita, Chato, Biharamulo, Muleba, ndipo Bukoba. Anayekuja Kagera kwa gari amekata shauri kweli. Nataka kujua anakuja kutafuta nini.

Jumapili, 14 Juni. Bukoba
Baada ya misa tumepanda Hiace na mdogo wangu, maana ujumbe wa simu ulisema mtia nia fulani anakuja kutafuta wadhamini na kila mwenye kadi aje. Watu tulijaa. Wengine wametoka Missenyi, wengine Karagwe, wamelala njiani. Vijana wa hamasa walipiga ngoma, wapambe wakagawa maji.

Sasa gawanya 450 kwa 15. Unapata 30. Watu 30 tu kutoka mkoa mzima wangetosha, na hao angewapata mtaa mmoja wa Hamugembe kabla ya chai. Sisi tulikuwa mamia.

"Dada, wanataka picha," mdogo wangu akaniambia. "Umati wetu uonekane kwenye gazeti la kesho."

Picha wanaitaka, lakini niliona na jambo la pili. Mgeni alisalimia, akashukuru kwa dakika chache, halafu akaingia ndani na wajumbe wetu wa Mkutano Mkuu, wale watakaopiga kura Dodoma. Huko alikaa muda mrefu kuliko alivyokaa nasi. Sisi tulibaki juani na karatasi za kuandika jina, namba ya kadi na sahihi. Hakuna aliyeuliza habari ya mnyauko unaomaliza migomba, wala kwa nini mkulima wa Muleba anavutiwa kuuza kahawa yake Uganda kwa njia za panya. Karatasi iliponifikia niliuliza, "Mgombea atatusikiliza saa ngapi?" Kijana akanijibu kwa adabu, "Mama, leo ni udhamini tu, kampeni bado." Nikampa kalamu yake. Sikuandika jina.

Njiani kurudi niliwaza butura. Kila mtu hapa anaijua: mama ana mtoto wa kulipia ada, anakopa kwa kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini, na siku ya kuvuna mvunaji ni mwingine. Jina langu kwenye ile karatasi lingekuwa kahawa ya aina hiyo, limetolewa kabla sijajua thamani yake, na bei akaipanga aliyenunua.

Jumatatu, 22 Juni
Majirani Waislamu wamefunga tangu wiki iliyopita, na jioni soko la Muleba linachangamka. Mzee mmoja hapo sokoni, kada wa siku nyingi, ananipigia debe la Magufuli. "Waitu, huyo ni wetu. Chato ilikuwa Kagera mpaka juzi tu." Ni kweli, mkoa wa Geita ulizaliwa 2012, na huyu alianza ubunge 1995 kwa Biharamulo Mashariki, wakati huo ikiwa upande wetu. Ametia nia bila mkutano wa kutangaza, bila ngoma. Nimemuuliza mzee kama hilo linamsaidia au linamuumiza. Akasema wenye ngoma wanajulikana na maadui zao wote.

Kuhusu mikoa kurukwa, nimekuwa nikifikiria Marekani. Kule 2008 Rudy Giuliani, aliyekuwa meya wa New York, alipowania urais hakuyapa uzito majimbo ya mwanzo, akaweka nguvu zake zote Florida. Tarehe 29 Januari Florida ikapiga kura, akawa wa tatu, na kesho yake akajitoa. Aliyaacha majimbo na majimbo yakamwacha. Jimbo la kule likirukwa lina namna ya kujibu, kwa sababu wananchi wake wenyewe wanapiga kura ya kumteua mgombea wa chama. Kagera ikirukwa inajibu kwa lipi? Mtia nia anaweza asikanyage hapa kabisa, wajumbe wetu wakamkuta Dodoma, wakampa kura zote. Na anaweza kuja mara tatu, akajaziwa uwanja wa Kaitaba, jina likakatwa Dodoma kabla halijafika mbele ya mjumbe yeyote wa Kagera.

Alhamisi, 2 Julai
Dirisha limefungwa. Waliochukua fomu ni 42, waliorudisha 38. Hao 38 mara 450 ni sahihi 17,100 kwa uchache, na wapo waliojisifu kupata wadhamini kwa maelfu mengi. Hakuna kifungu kinachosema mwenye wadhamini wengi anapewa chochote.

Jumapili, 12 Julai
Usiku wa Ijumaa sijalala vizuri, Jumamosi ndiyo kabisa. Kamati Kuu imebakiza majina matano: Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro, Balozi Amina Salum Ali na Magufuli. Lowassa hayumo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa, wamejitokeza hadharani kusema hawakubaliani. Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Mkutano Mkuu umempa Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Migiro 59.

Hapa Muleba watu wanashangilia, wanapiga vigelegele mpaka barabara kuu ya kwenda Bukoba. Nimefurahi nao, mtu wa ziwa amepita. Lakini siwezi kuacha kuwaza wale waliolala njiani kutoka Karagwe ili wamdhamini mwingine. Hakuna atakayerudi kuwaeleza kwa nini jina walilolisainia halikupigiwa hata kura moja.

Jumanne, 28 Julai
Lowassa ametangaza kujiunga na CHADEMA, chama cha upinzani. Mdogo wangu hajaongea tangu jioni. Kadi yake ya kijani ameitoa kwenye pochi, imelala dirishani.

Jumamosi, 1 Agosti
Leo kura za maoni za ubunge na udiwani. Kwa wiki nzima watia nia wa ubunge wamepita kata kwa kata katika gari moja la chama, wamekaa bega kwa bega, kila mmoja akipewa dakika zake na maswali yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuchagua kata za kwenda na za kuacha. Kwetu alisimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akawauliza wote swali moja la maji, na wote walilazimika kulijibu wenzao wakisikia. Niliona fahari kuwa mwanachama.

Kisha leo asubuhi, tawini, nimepanga foleni na kadi yangu, nikapiga kura. Haikupita mikononi mwa mjumbe. Nimeitumbukiza mwenyewe.

Baada ya kura nimemfuata katibu wa tawi. Nimemwambia hivi: kama mimi ninatosha kumchagua diwani na mbunge kwenye benchi hili, ninatosha kupiga kura ya maoni ya Rais kwenye benchi hili hili. Mikoa yote 30, siku moja, kila tawi. Hapo anayeiruka Kagera ataiona hasara yake, na anayekuja atakuwa na sababu ya kukaa nje na sisi muda mrefu kuliko ndani na wajumbe.

Akasema, "Mwalimu, hilo ni la katiba ya chama, siyo la tawi."

Nimemwomba aliandike kwenye muhtasari wa kikao kijacho ili lipande kata, lifike wilaya. Amekubali. Kikao ni wiki ijayo, na nimeanza kukusanya majina ya watakaoliunga mkono. Sasa hivi ninayo tisa, na la kwanza ni la mdogo wangu.